Kuchora kwa Macho ya Aliye Mbali

Siku kivuko kilipofungwa, mimi nilikuwa upande usio wangu wa mto. Kwetu ni Alunguli, ng'ambo ya kulia. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikaa ng'ambo ya kushoto, mjini Kindu, katika nyumba ya matofali mabichi karibu na reli. Mama alikuwa amenituma nimpelekee mawese na nyuzi za kushonea kofia, nilale kwake, kesho yake nirudi. Nililala. Asubuhi tulisikia bunduki upande wa chini wa mto, na tulipofika kivukoni tulikuta mitumbwi yote imevutwa nchi kavu na askari wameikalia kana kwamba ni viti vya nyumbani kwao. Tukaambiwa hakuna kuvuka. Shangazi akauliza mpaka lini. Wakamwambia arudi nyumbani kwake.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi. Kutoka pale tulipogeuziwa njia niliona paa za Alunguli, niliona moshi, niliona hata watu wadogo kama mchwa wakishuka kuchota maji. Mmoja wao angeweza kuwa mama yangu. Upande ule kulikuwa na watu wengine wenye silaha, na hawa wa upande wa mjini walisema yeyote atakayewasalimia wale ni adui.

Nyumbani kwa shangazi sikuweza kukaa. Alikuwa mjane, hana mtoto, amezoea ukimya wake, na mimi niliuvunja kwa kuinuka na kukaa, kutoka na kuingia, kuchungulia dirishani na kurudi. Alisema naitikisa nyumba. Mashamba hayakufikika tena, kwa hiyo tulikula sombe, majani ya muhogo ya uani, na sombe zilipokwisha tulikula majani ambayo sikuwa nimejua kwamba huliwa. Njaa ilikuwapo, lakini ninachokikumbuka zaidi ni miguu yangu ilivyotaka kwenda na isiwe na mahali pa kwenda.

Mbele ya nyumba yake palikuwa na duka la mfanyabiashara aliyekimbia mapema. Milango ilikuwa imevunjwa na ndani hamkubaki hata msumari. Lakini ukuta wa nje ulikuwa umechorwa kutoka kona hadi kona. Palikuwa na kopo la maziwa refu kuliko mimi, kipande cha sabuni kinachotoa povu, betri za redio zenye miale ya manjano, baiskeli, na mwanamke anayecheka akiwa ameshika kikombe. Vyote vilivyokuwa vimetoweka mjini vilikuwa vimebaki pale, vikubwa na vyenye rangi. Niliona watu wazima wakisimama mbele ya ukuta ule. Mwanamke mmoja aliweka kiganja juu ya povu la sabuni, akakitazama kiganja, akaenda zake. Wazee wawili walibishana kama kopo lile lilikuwa la kipimo kikubwa au kidogo, wakabishana kwa bidii, mpaka mmoja akaanza kucheka na mwingine akakasirika.

Mimi nilianza kuunakili. Nilitumia makaa ya jikoni na vipande vya katoni. Nilichora kopo, nikachora baiskeli, kisha nikachora yule mwanamke. Shangazi alipomwona yule mwanamke aliigeuza katoni ikatazama chini. Alikuwa mtu wa swala tano na alisema kwa upole, bila kunigombeza, "Chora vyombo, chora majani. Sura uache, ile si kazi ya mukono yako." Kisha, labda ili nisinune, alinipa sindano.

Kofia alizoshona zilikuwa za matobo: kitambaa cheupe, uzi mweupe, na vishimo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Ukiitazama karibu unaona vishimo tu, hujui ni nini. Ukiivalisha kichwa cha mtu na kurudi nyuma, unaona nyota au kamba iliyosukwa. Mikono yangu haikufaa kwa kazi ile, nilijichoma na kuharibu uzi ambao haukuweza kupatikana tena, na shangazi akanitoa. Hata hivyo siku zile chache zilinipa kitu cha kufikiria. Nilishangaa kwamba nyota nzima inaweza kutengenezwa na mahali ambapo hakuna kitu.

Mtu aliyechora ukuta wa duka alikuwa jirani yetu. Sikujua mpaka siku aliponikuta nimesimama pale na katoni yangu akaniambia kwamba baiskeli yangu ina gurudumu moja kubwa kuliko jingine, na kwamba hata yake ukutani ina kosa lilelile, ila yeye amelificha kwa herufi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati safi lililofungwa vifungo hadi shingoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Kila mtu mtaani alijua kwamba mkono ule ulikuwa mzima. Askari walikuwa wakitafuta wenye kuandika ili wawaandikie magari na vizuizi vyao, na yeye hakutaka kuandikia upande wowote. Basi akaufunga mkono na kusema umevunjika. Aliufunga kwa muda mrefu kiasi kwamba alijifunza kula, kunawa na kujifunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto, na watoto waliomfahamu walisahau kwamba aliwahi kuwa na miwili.

Mtu wa namna hiyo akikaa bila kazi huongea. Kila jioni kabla ya giza alikuja uani kwa shangazi, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaongea. Aliongea habari za matangazo aliyoyaona Kisangani ujanani, ya taa zinazowaka na kuzimika. Alieleza kwa nini sabuni huchorwa kubwa kuliko mkono unaoishika. Alitukana wachoraji wanaojaza ukuta mpaka jicho halina mahali pa kupumzika, kisha akakiri kwamba ukuta wake mwenyewe uko hivyo, kwa sababu mwenye duka alilazimisha. Shangazi alishona na kuguna. Nadhani walifurahiana, ingawa hawakuwahi kusema hivyo.

Wakati huo tulikuwa tumejaribu kupeleka habari Alunguli. Shangazi alimwagiza mchuuzi mmoja aliyevuka kwa kujuana na wakubwa, halafu mwingine. Wa kwanza hakurudi. Wa pili alirudi na kusema nyumba yetu ilikuwa imefungwa, na hakumwona mtu. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kwa upande wao, mama na baba hawakujua kama mimi ni hai, maana risasi za asubuhi ile zilisikika ng'ambo zote mbili.

Wazo lilinijia kivukoni. Askari waliwaruhusu wanawake kushuka asubuhi mahali pamoja tu kuchota maji na kufua, na nguo zilianikwa pale pale kwenye vichaka na kamba, kwa sababu jua la mto lilikausha upesi. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikiitazama ng'ambo. Kule nako walikuwa wameanika nguo. Nilianza kuzitambua, si nguo zenyewe bali madoa yake: doa la njano, doa la buluu. Nikajiuliza, kama mimi naziona zao, wao si wanaziona zetu?

Jioni nilimwambia yule mchoraji. Nilitaka kuandika jina langu kwenye shuka, kwa herufi kubwa. Alitikisa kichwa. Akaniuliza mama yangu angesimama wapi. Nikamwambia, pale anapochota maji.

"Basi usichore kwa macho yako," akasema. "Chora kwa macho yake. Mama yako yuko mbali, amechoka, hajui kama kuna kitu cha kutazama. Herufi zitakufa katikati ya mto. Umupe kitu kimoja tu. Kitu gani anakijua hata akiwa usingizini?"

Nilijaribu kwa siku mbili. Nilichora jiko letu, nikachora mti wa mlangoni petu, nikachora sufuria ya mikate aliyokuwa akikaanga mama kabla unga haujaisha mjini. Kila mchoro niliuegemeza kwenye ukuta wa duka na kurudi nyuma hadi relini, na kila mchoro uligeuka kuwa doa lisilo na maana. Nilikasirika. Nilipiga teke katoni zangu, na shangazi akaziokota akawashia moto, jambo ambalo lilinikasirisha zaidi.

Kilichonijia mwishowe ni kitenge. Mama alikuwa na kitenge cha sikukuu ambacho wanawake wa Alunguli walikiita Mlango Wazi. Kilikuwa cheupe chenye pete kubwa nyeusi, kila pete imepasuka upande mmoja kama ua wenye mlango, na ndani yake tone jekundu. Mama alikivaa Krismasi, na alikivaa pia Idi kwa heshima ya baba na ndugu zake. Kando ya kitenge hicho ndiko nilikolala misa nzima utotoni, uso umebanwa kwenye pete. Nilichora pete moja tu, nene, yenye mlango. Nikarudi hadi relini. Ikabaki pete.

Sasa tulihitaji kitambaa na rangi. Rangi ya dukani haikuwapo. Mchoraji alimjua mtu aliyeziba mitumbwi, na kwake ilibaki lami kidogo ndani ya kopo. Tuliiyeyusha motoni na kuilainisha kwa mafuta ya taa. Kwa tone jekundu nilitumia udongo na uji wa muhogo. Kuhusu kitambaa, nilikuwa na vipande viwili vya gunia, ambavyo mchoraji alivikataa kwa sababu rangi yake ni ileile ya ukingo wa mto. Tulitaka kitu cheupe. Tulikuwa bado tunaongea habari hiyo shangazi alipoinuka, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kinachonukia karafuu. Nilikijua. Kilikuwa sanda yake. Alikinunua mwenyewe miaka ya nyuma, kama wafanyavyo wazee wasiotaka kusumbua watu siku yao ikifika.

Nikasema hapana. Mchoraji naye akasema hapana, akasimama kabisa.

Shangazi alikitandika ardhini kama mtu anayetandika mkeka wa chakula. "Mimi nitafunikwa tu, watu hawatanitupa," akasema. "Mama yako hawezi kungoja."

Nilichora alasiri nzima. Mchoraji alikaa kwenye kinu na mkono wake umefungwa, akiniongoza kwa maneno, na mara kadhaa niliona vidole vyake vikicheza ndani ya kile kitambaa. Alinionyesha namna ya kupata duara: kigingi katikati, kamba, na kijiti kwenye ncha ya kamba. Lami ilishika kitambaa ikakataa kutoka. Tone jekundu lilikuwa dhaifu, lakini lilionekana.

Asubuhi tulishuka na ndoo, tukafua nguo mbili tatu za kudanganyia, na tukaianika ile pete katikati yake. Ng'ambo watu walichota maji wakaondoka. Hakuna aliyesimama. Tulifanya hivyo tena na tena, asubuhi baada ya asubuhi, na kila siku niliamka kabla ya wote na kila siku nilirudi nimevunjika. Shangazi aliniambia niache kuwatazama wale watu kana kwamba wananidai kitu.

Kisha askari mmoja alikuja. Alikuwa kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alizunguka kamba ya nguo, akasimama mbele ya pete, akaigusa.

"Hii njo nini? Munatuma alama kwa nani?"

Shangazi alifungua mdomo, lakini mimi nilimtangulia. Nilisema iko tangazo. Akauliza tangazo ya nini. Nikasema ya kufua, kwamba sisi tunafulia watu, na alama yetu ni ile. Sijui lilitoka wapi neno hilo. Labda lilitokana na jioni zote zile za kusikiliza habari za matangazo. Akauliza nani alichora, na hapo niliogopa kweli, kwa sababu kama ningesita wangemtafuta mchoraji aliyekuwa na mkono mzima. Nikasema ni mimi. Hakuamini. Akaniambia nichore tena, pale pale, mchangani.

Nilichomoa kamba moja ya nguo, nikachomeka kijiti, nikashika kingine, nikazunguka. Kamba ilinyooka, duara likatoka safi. Nikalifungulia mlango kwa kidole. Askari alilitazama kwa muda. Akasema mtoto huyu anaweza. Kisha akaichomoa shuka kwenye kamba, akaikunja kwapani, akaondoka nayo.

Nililia njia nzima. Shangazi hakulia, aliuma mdomo tu. Nilijua anafikiria nini, na nilijua pia kwamba asingenitamkia.

Siku iliyofuata sikutaka kushuka mtoni, lakini maji yalihitajika. Tulipofika tuliona kibanda cha walinzi, kile cha miti kilichokuwa kikivuja kila mvua inaponyesha. Juu yake palikuwa na paa jipya. Yule askari alikuwa ametandaza sanda ya shangazi na kuifunga kwa kamba pande zote, na kwa kuwa alidhani upande wenye lami ndio utakaozuia maji, aliuelekeza juu. Paa lenyewe liliinamia mto. Pete ilikuwa pale, imenyooshwa vizuri kuliko nilivyowahi kuianika, juu kuliko vichaka vyote, mchana kutwa. Shangazi aliitazama, akanivuta mkono tupite, na tulipofika mahali asipoweza kusikika akaanza kucheka kimyakimya mpaka ndoo ikamwagika.

Mvua iliosha tone jekundu, pete ikabaki. Na baada ya mvua hiyo, asubuhi yenye ukungu uliochelewa kuondoka, niliona ng'ambo, mahali pa kuchotea maji, kitu kikubwa kimetandazwa juu ya kichaka. Sikuweza kuona pete zake. Niliona weupe, weusi, na wekundu uliochanganyika kama pilipili iliyopondwa. Nilikijua kitambaa kile kama ninavyoijua harufu ya nyumba yetu. Niliinua ndoo kichwani, nikaishusha, nikaiinua tena. Sikuthubutu kupunga mkono. Mtu mmoja ng'ambo aliinua ndoo yake, akaishusha.

Kivuko kilipofunguliwa, mama alikuwa kwenye mtumbwi wa kwanza. Alikuwa amekonda, na alinishika kwa nguvu mpaka shingo ikaniuma. Baba alikuwa amekimbilia msituni na ndugu zake, akarudi baadaye akiwa mgonjwa lakini hai, na mama, akiogopa kukaa peke yake, alilala kwa jirani; hiyo ndiyo sababu nyumba ilikuwa imefungwa. Nilimwuliza mama alijuaje. Akasema mara ya kwanza alipoona pete ile juu ya kibanda alikasirika sana. Alidhani wenye silaha wamemuibia kitenge chake. Alirudi mbio nyumbani, akafungua sanduku, akakikuta kitenge mahali pake.

"Nikakaa chini," akasema. "Nikajiuliza, sasa nani mwingine anakijua? Njo nikajua ni wewe."

Nimefanya kazi ya matangazo maisha yangu yote tangu hapo, na sijawahi kupata mtazamaji kama yule.

Mchoraji aliufungua mkono wake wiki ileile. Ulikuwa umesinyaa, na mwanzoni alichora vibaya kuliko mimi, jambo lililomfanya awe mkali. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Tulichora vichwa vya saluni, samaki wa migahawa, meno ya waganga wa meno. Tuliupaka upya ukuta wa lile duka chini ya mmiliki mpya, na tulipofika kwa mwanamke anayecheka nilimwomba anipe mimi nafasi ile. Niliacha sura. Nilichora mkono tu, umeshika kikombe. Mwenye duka alinung'unika, halafu akazoea, halafu wengine wakataka mikono. Mchoraji alirudi kwao Kabambare alipozeeka. Shangazi alifariki kabla yake, nami ndiye niliyenunua kitambaa cheupe, na nilipokuwa nakinunua nilichagua kwa muda mrefu kupita kiasi, mpaka mwenye duka akadhani nataka kupunguziwa.

Baadaye yalikuja makampuni ya simu yakapaka nyumba nzima rangi moja, na yakaja maturubai yaliyochapwa, yale tunayoyaita bashi. Kazi ya burashi ikapungua. Nilikwenda Kisangani kujifunza kompyuta kwa watu wa uchapaji, nikiwa mwanamke mtu mzima kati ya vijana, nikarudi Kindu na mashine yangu na jenereta ndogo. Wateja wanataka picha zilizochukuliwa mtandaoni: wanawake wasiojulikana wanaocheka mbele ya majengo ya vioo. Nawapa. Lakini nikimaliza kazi ya namna hiyo mwili wote huniwasha, nami hutoka nikatembea bila sababu, nikitazama matope ya pikipiki yaliyoandikwa kwa kidole, misalaba ya makanisa mapya, namna muuza samaki wa moshi anavyowapanga vichwa nje.

Mwaka jana mwenyekiti wa chama cha wanawake wakulima wa mpunga alinijia. Yeye ni mama wa makamo, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Walitaka alama ya magunia yao ya mchele, ili wanunuzi wa Punia na Lubutu wayatambue, maana huko wachuuzi huchanganya mchele mzuri na mbovu na kuuita wa Kindu wote. Nilimchorea suke la mpunga. Akasema magunia yote ya dunia yana suke. Nikamchorea mikono inayopepeta. Akasema ni nzuri, lakini hakusema zaidi, na hapo nilijua kwamba si nzuri. Nilichora nyingine, na nyingine. Nilianza kuwa mkali kwa watu wa nyumbani. Mume wangu aliniomba niende nje.

Nilikwenda sokoni mahali wanapopakia magari ya kwenda kaskazini, nikasimama kando ya wapakiaji. Niliyatazama magunia yalivyobebwa mgongoni, yalivyotupwa, yalivyopangwa. Hakuna gunia lililoonyesha uso wake. Yote yalilala, ubavu kwa ubavu, na kitu pekee ambacho macho ya mtu yaliweza kuona ni vitako na midomo iliyoshonwa. Alama zangu zote, hata zingekuwa nzuri namna gani, zingesafiri zikiwa zimefunikwa. Nilirudi nyumbani nikimwambia kila niliyekutana naye, hata wasiohusika.

Tuliacha kuchora uso wa gunia. Tulichovya vitako vya magunia katika rangi ya kijani, tukashona midomo kwa uzi wa kijani uleule, mshono wa kupishana. Hapakuwa na herufi wala picha. Mwenyekiti alishangaa kwamba amengoja muda wote ule kwa ajili ya kuchovya. Lakini gari la kwanza lilipopakiwa, rundo la mchele wao lilionekana kutoka mwisho wa soko, naye akarudi nyuma tena ili alitazame. Habari zilirudi kutoka Punia kwamba watu wanauliza mchele wa kitako cha kijani.

Msimu wa pili ukaja, na pamoja nao vitako vya kijani kila mahali. Mwenyekiti alinijia na gunia la mwizi wa alama yetu begani, amelibeba mwenyewe kwa hasira, akalibwaga mlangoni kwangu. Ndani mlikuwa na mchele uliovunjika na mawe. Alitaka tuwashitaki. Tulikaa muda mrefu tukitafuta wa kumshitaki, na kila jina lilituelekeza kwa jingine. Mwishowe alichoka.

"Tufanye nini sasa?" akauliza.

Nikamwambia tubadilishe kila mavuno. Wao wakiiga ya jana, sisi tuko na ya leo, na tutawatangazia wanunuzi kwa redio kabla gari halijaondoka. Alinitazama kwa mashaka, akaniuliza kama nina hakika nitapata alama mpya kila mara. Nilimjibu ndiyo, upesi kuliko nilivyopaswa. Aliondoka na gunia lake. Nilibaki mlangoni, nimeogopa, na chini ya woga ule palikuwa na furaha iliyokuwa ikinisukuma nitoke.

Mavuno yanakaribia na alama ya msimu huu sijaipata. Jana nilikuwa kwenye pikipiki nikielekea kwa mteja wa bashi, nikamwambia dereva asimame. Akanuna, maana ilikuwa mara ya pili. Kando ya njia palikuwa na mwanamke anafua katika beseni la plastiki la buluu lililopasuka, ambalo mtu alilishona kwa waya wa shaba. Mshono ule ulipanda na kushuka kutoka ukingoni hadi chini, uking'aa juani, nami nikauwaza kwenye mdomo wa gunia. Nilimwomba ruhusa nilipige picha beseni lake. Alikubali, lakini alimwaga maji kwanza, akalisugua pande zote mpaka likang'aa.